Tovuti Zangu Tano Kutupwa Ukurasa wa Tisa

Duka la Zipu na Vifungo,
Nyuma ya Mtaa wa Msimbazi,
Kariakoo, Dar es Salaam.
Novemba 2011

Kwa Msimamizi wa Mtambo wa Kutafuta,
Huko Mtandaoni.

Ndugu Msimamizi,

Shikamoo, kama umenizidi umri. Kama nimekuzidi, basi marahaba, tuendelee.

Mimi ni Beno, mzaliwa wa Newala, muuza zipu. Niliingia Kariakoo biashara ilipofanywa huria, nywele za mbele zikiwa bado zipo. Nakuandikia kwa sababu mke wangu Scholastika ametamka: "Baba Severa, sare za Januari zikishonwa bila zipu zetu, tunafunga duka tunarudi Newala kulima." Mimi jembe nililiaga kwa mkono, Ndugu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Hapa kwetu mteja akikataa bei anahamia mlango wa pili. Wajanja tuligundua zamani kwamba mlango wa pili nao uwe wako. Nilikuwa na milango mitatu yenye majina tofauti. Mteja alitoka kwangu amenuna, akaingia kwangu anacheka. Ndiyo maana nimefungua tovuti tano: Zipu Kuu, Zipu Sasa, Zipu Bila Presha, Ufalme wa Zipu, na Zipu Hapa Hapa. Wewe, badala ya kuzipanga zote juu, umezitupa ukurasa wa tisa, ambako mimi mwenyewe nilifika nimechoka.

2. Nasikia kosa ni kwamba zote tano zina maneno yaleyale. Ndugu yangu, zipu ni zilezile! Ulitaka niandike kwamba hii inafunga kwenda juu na ile kwenda Morogoro?

3. Eti pia hupendi zinavyosifiana. Zipu Kuu inasema Zipu Sasa ni waaminifu, na Zipu Sasa inasema haijaona kama Zipu Kuu. Huo si ujirani mwema? Ulitaka zigombane?

4. Jirani yangu wa duka, Bwana Kartik, anayekaa Upanga, ana tovuti moja tu, na ndiyo ya kwanza. Moja! Kaandika urefu wa kila zipu, rangi zake na nguo inayofaa, basi. Kila asubuhi akifungua duka ananiuliza, "Beno bhai, leo umefika ukurasa wa ngapi?" Namjibu nakaribia.

5. Hili limeniumiza zaidi. Fundi mmoja, Dada Mwanne, aliyavumilia mateso ya ukurasa wa tisa, akaziandikia tovuti zote tano. Ujumbe wote unaingia simu yangu. "Kaka, wenzako wa Zipu Sasa wamenipunguzia," akaandika. Nikamjibu, "Wale wahuni, dada, usiwaamini. Nakushushia zaidi." Akaipeleka bei hiyo kwa wale wahuni, ambao ni mimi. Kufikia jioni nilikuwa nimejishinda mara kadhaa, na zipu zimeondoka kwa bei ya pipi. Ungetupanga juu tungepata wateja wa kutosha. Huyo mmoja tumemgombania watu watano.

Kwa hiyo naomba mwenye tovuti tano apewe nafasi tano za mwanzo. Bwana Kartik ashushwe hadi ya sita, lakini kwa upole, ni mtu mzima. Ukurasa wa tisa ufutwe kabisa, maana hakuna anayeishi huko isipokuwa mimi. Ukikataa nitafungua nyingine kumi, tuone nani atachoka.

Nisalimie wote hapo ofisini, na mashine zenyewe. Aliyebuni ukurasa wa tisa msalimie kwa mbali.

Wako katika kufungua na kufunga,
Beno

Nyongeza: Kabla sijaituma barua hii nilifungua mtambo wako nichukue ushahidi. Nafasi ya pili, chini ya Kartik, nimekuta tovuti nisiyoijua: Zipu za Mama Severa. Inaeleza vizuri ipi inafaa sketi, ipi inafaa suruali ya mwanafunzi mtundu. Kaunta kwenye picha ni yangu. Kitambi nyuma ya kaunta ni changu pia. Nilipomuuliza Scholastika akasema, "Nilikuona uko bize na hizo zako." Shule mbili za Masasi zimeshaagiza kwake zipu za Januari, na ameniambia nisifunge duka, nimsaidie kufungasha.

Sasa, Ndugu Msimamizi, piga hesabu mwenyewe. Nikipewa tano za juu, na Kartik akiwa wa sita, mke wangu anakuwa wa saba. Tafadhali usinisaidie. Ziache zangu hukohuko, na kama kuna ukurasa wa kumi, usisite.