Picha ya Ubongo Wangu kwa Mzee Kaingu

Jumatatu, 9 Juni 2025
Mzee Kaingu wa Shika Adabu, babake Kache, amesema hapokei kadzama yangu, kile kibuyu cha mnazi wa posa, mpaka ajue kama nina akili. Mimi! Karani wa geti, yadi ya makontena, Miritini! Anamtaka Mwalimu Matthew, mwenye vyeti ukutani. Nimepata dawa yao. Kuna watafiti kwenye kliniki moja Changamwe, wanatafuta watu wa kupigwa picha ya ubongo. Bure! Jumamosi naipeleka pamoja na mnazi. Matthew kwisha.

Jumanne
Nesi Purity amenieleza. Kumbe ubongo ukipumzika haulali. Sehemu fulani huamka pamoja, zikakumbuka ya jana na kupanga ya kesho. Ukiupa hesabu, hizo hupoa, nyingine zikashika zamu. Wanataka kuona zamu hizo zinavyopokezana, kwa hiyo ndani ya mashine mara nitapumzika, mara nitahesabu.
Nimeitikia kwa adabu. Lakini nipumzike, picha itoke giza? Thubutu! Wakisema pumzika, nitapiga hesabu kimyakimya. Picha nzima itawaka!

Jumatano
Mazoezi getini. Kumi na saba mara kumi na tatu, mara kumi na nne... Malori mawili yamepita bila kuandikwa. Bosi wangu, Madam Ruth, amefoka. Nikamweleza habari za ubongo. Akasema nikaupumzishe nyumbani hadi Jumatatu. Mungu ana mipango!

Alhamisi
Mashine inagonga kama karakana ya mabati. Wakasema nipumzike, nikazidisha kama mwendawazimu. Wakasema nitoe saba saba kutoka mia tatu. Kichwa kilikuwa kimeshachoka! Nikajikuta harusini kwangu, Kache anang'aa, Matthew anagawa soda. Raha iliyoje!

Ijumaa
Daktari ameniuliza kama Kiswahili nakielewa. Mimi, mtu wa Pwani! Nimemsamehe. Amenipa picha, na barua ndani ya bahasha. Picha nimeitia fremu ya rangi ya dhahabu. Barua sijaifungua. Sifa za mtu husomwa na wengine.

Jumamosi
Matthew nimemkuta kwa Mzee, eti amekuja kusalimia! Nikampa yeye barua aisome kwa sauti, aumie vizuri. Akasoma kwamba nilipoambiwa nipumzike nilifanya kazi, nilipopewa kazi nikapumzika, hivyo picha yangu haitatumika. Mzee Kaingu alicheka hadi akashika mbavu. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nikajua Kache ndiyo basi tena.
Kisha Mzee akasema kwa desturi neno la mwisho ni la binti, akamwita Kache, akamuuliza mbele yetu kama mnazi huu unywewe. Kache akasema wanywe. Akasema alipolazwa kwa malaria, Matthew alituma ujumbe wa pole, mimi nilikaa siku tatu kwenye kiti cha plastiki nikimpepea. Hakufuata akili kwangu, alisema, amefuata moyo. WAKANYWA! Hata Matthew alipewa kikombe. Nimelia mbele za watu na sioni haya.

Jumapili
Bado naelea! Ila kibuyu cha pili watakinywa wajomba zake, na wale ni wagumu. Kache amesema moyo. Sawa, lakini neno tupu litawatosha wajomba? Baada ya ibada nimempigia simu Nesi Purity, nikamuuliza kama wana mashine ya kupiga picha moyo. Amesema ataulizia. Fremu nimeshanunua.