Ombi la Kutomrudisha Mume Wangu Nyumbani

Shamsia Kibwana,
Mafiga, Morogoro.

Kwa Meneja Mkuu,
Kampuni ya Njia za Umeme Nguzo Imara,
Morogoro.

Ndugu Meneja,

YAH: MHANDISI ABDULATIF ASISTAAFU

Natumaini barua hii itakukuta umekaa, kwa sababu jambo lenyewe si la kusomwa mtu akiwa amesimama. Kwa umri wewe ni mwanangu, na tungekutana sokoni ungeniamkia. Lakini kwa cheo wewe ni mkubwa wa mume wangu, kwa hiyo leo mimi ndiye ninayebisha hodi kwako.

Mimi ni mke wa Mhandisi Abdulatif, mkuu wa usalama kazini katika kampuni yenu. Mwezi wa sita anatimiza miaka sitini, na nimesikia mmeshaanza kupanga sherehe ya kumuaga. Naomba muiahirishe. Naomba asistaafu mwaka huu, wala mwaka ujao, wala wakati wowote mimi nikiwa hai.

Usije ukanidhania mke mwenye roho mbaya, nianze tulikotoka. Nilipoolewa, Abdulatif alikuwa mhandisi wa njia za umeme kama wengine. Alipenda dansi, aliendesha pikipiki kichwa wazi, na alikuwa akimenya waya kwa meno mbele yangu ili nimwone mwanamume. Kisha ikatokea ajali ya Mgeta. Fundi wake, Lukasi, alipanda nguzo akiwa ameambiwa umeme umezimwa, na kweli ulikuwa umezimwa. Mtu mwingine huko bondeni, asiyejua kuwa kuna binadamu juu ya nguzo, akauwasha. Lukasi hakufa, ila mkono wake wa kulia haukurudi naye nyumbani. Mume wangu alimbeba mgongoni kushuka mlima kwa njia ya miguu mpaka barabarani, wakapakiwa juu ya lori la kabichi hadi mjini. Aliporudi kwangu akakaa kitandani na viatu vyake. Asubuhi akaenda ofisini kwenu kuomba kazi ambayo wakati ule hakuna mhandisi aliyeitaka, kazi ya kuzuia watu wasife.

Tangu siku hiyo meno yake hayajagusa waya, nami sijapumzika. Malalamiko yangu ni haya.

Kwanza, kufuli. Naelewa kuwa kazini mnafuata utaratibu wake: fundi anayekwenda kushika waya hufunga swichi kwa kufuli lake mwenyewe na kutembea na ufunguo mwenyewe, ili asije mwingine akawasha. Sina ugomvi na hilo. Lakini Ijumaa moja aliifunga swichi kubwa ya nyumba yetu ili asafishe feni ya sebuleni. Kabla hajamaliza, adhana ikalia, akaenda msikitini na ufunguo mfukoni mwa kanzu. Toka msikitini akapitiliza mazikoni Kingolwira. Ndugu Meneja, mimi nauza barafu za ukwaju. Friza langu lililia machozi mpaka barazani. Aliporudi jioni nikamwomba, kwa sauti ya kistaarabu kabisa, anichongeshee ufunguo wa pili. Akanitazama kama niliyemwomba talaka.

"Mama Sabra," akasema, "kufuli la usalama halina ufunguo wa pili. Likiwa na wa pili, hilo ni pambo."

Pili, vikao. Hakuna kazi nyumbani kwangu inayoanza bila kikao cha usalama. Idi iliyopita kaka yangu Salehe, ambaye amekuwa mchinjaji tangu ujana wake, alikuja kutuchinjia mbuzi. Mume wangu akatupanga duara, mbuzi katikati, akamtaka kila mmoja aseme anaona hatari gani mbele yake. Salehe akajibu, "Shemeji, mimi naona hatari moja tu, mbuzi huyu atazeeka." Tukacheka wote isipokuwa mwenye kikao, ambaye alisema hoja hiyo imepokelewa, kuna nyingine?

Tatu ni fupi: ngazi. Kila anapopanda lazima mtu aishike kwa chini, na mtu huyo ni mimi. Nimeishika ngazi ile nikiwa na mimba, nimeishika nikiwa na malaria, na safari moja nimeishika tukiwa tumenuniana wiki nzima hatusemeshani.

Nne, na hapa naomba uvute pumzi, ni harusi ya binti yetu Sabra.

Tulimkodi Oscar, mpambaji anayesifika mji mzima. Alikuja na maturubai, taa za rangi, feni kubwa kama za kiwandani, na spika ambazo ukizisogelea zinakupepea kanga. Umeme aliuvuta kutoka nyumbani kwetu kwa waya mmoja uliounganishwaunganishwa kwa selotepu ya kubandikia karatasi. Mume wangu alipotaka kuukagua, Oscar akamwambia, "Mzee wangu, tulia. Hii ndiyo fani yangu." Nami nikamshika mume wangu mkono pembeni nikamsihi: leo, kwa siku hii moja, kuwa baba wa bibi harusi tu. Alinitazama, akalegea. Akaenda kuketi na kanzu yake mpya, mikono magotini, kama mtoto aliyekatazwa kucheza.

Wakwe wakafika kutoka Dar. Sabra akaingia. Mwimbaji wa taarabu alikuwa amefika kwenye jina la bibi harusi, amelivuta, akina mama wameshasimama na noti zao juu, mara kimya. Spika zikakata. Feni zikasimama. Nikageuka nikiwa najua ninachokwenda kukiona, nikakiona: Mhandisi Abdulatif mlangoni kwetu, ameshika plagi mkononi.

"Tokeni wote nje ya turubai," akasema. "Msishike nguzo za chuma. Polepole."

Baadaye ndipo nilipoelewa. Aliona watoto wamepanga foleni kwenye nguzo moja ya turubai. Kila mmoja akifika anaigusa, anacheka, anakimbia kurudi mwisho wa foleni. Akawauliza mchezo gani huo. Wakamwambia, "Babu, nguzo inatekenya!" Waya wa Oscar ulikuwa umechubuka, umeme umeingia kwenye chuma, na ardhi ilikuwa bado kavu ndiyo maana ilikuwa inatekenya tu. Wingu lilikuwa limeshaanza kushuka kutoka Uluguru.

Basi tukatoka, na mvua ikatukuta nje. Mama mkwe wa Sabra alikuwa amevaa gauni la kukodi, likamshika mwili kama ganda la ndizi. Pilau tuliila kwenye korido za majirani, tumesimama. Aliniuliza mbele za watu, "Dada, sisi tulialikwa au tunafukuzwa?" Wakaondoka bila kuimba. Mpaka leo akipiga simu kwangu ni salamu mbili na kwaheri.

Na hakuna aliyekufa, Ndugu Meneja. Hilo ndilo linaloniua. Lau angeungua mtu mmoja, hata kidole, hata kidole cha Oscar, ningekuwa na cha kuwaonyesha wakwe. Jirani yangu ameolewa na daktari. Wagonjwa aliowaponya humletea kuku, mayai, mafungu ya ndizi. Mume wangu aletewe kuku na nani? Mtu ambaye hakuanguka hajui kwamba hakuanguka. Anashuka kwenye nguzo, anavua mkanda huku akilalamika kwamba unabana, anakwenda nyumbani kula. Maisha yote ya kazi ya mume wangu ni mambo ambayo hayakutokea, na sherehe ya kumuaga itabidi mtu asimame ayahesabu.

Tano. Haya yote yametokea kwa mtu ninayempata jioni na mwisho wa wiki tu. Sasa anasema, na uso wake unang'aa, "Nikistaafu nitapata muda wa kuishughulikia nyumba hii ipasavyo." Ameshaanza. Mlangoni kuna mshale wa kijani unaoonyesha mlango. Chini ya kamba ya kuanikia nguo amesimika kibao kilichoandikwa MAHALI PA KUKUSANYIKIA. Sabra keshaolewa. Tumebaki wawili. Nyumba ikiungua, nitakusanyika na nani?

Kwa hiyo ninaomba, kwa heshima zote, mmuongezee mkataba mpaka atakapofika miaka themanini. Ikiwa sheria hairuhusi, mumpeleke njia yoyote mpya ya umeme, hata iwe nchi jirani, nami nitamfungia nguo na chapati. Ikiwa na hilo haliwezekani, basi muajiri mtu mmoja wa kudumu, kazi yake iwe ni kuteguka kifundo cha mguu kila mwezi, ili mume wangu aone kuwa bado anahitajika na asihamishie nguvu zake zote jikoni kwangu. Nafasi hiyo ikikosa mwombaji, niko tayari kumtoa kaka yangu Salehe. Na ikiwa hata hilo limewashinda, nistaafisheni mimi. Nimeshika ngazi miaka yote hii, nadhani nimetimiza masharti.

Nikitumaini huruma yako itakuwa kubwa kuliko sheria za ajira, nawasalimu wote hapo kazini: mafundi wote wa juu na wa chini, dada wa mapokezi mwenye sauti nzuri, dereva, mama lishe wa nje ya geti, na mlinzi. Wasalimie na wazazi wako.

Ni mimi mke wa mfanyakazi wenu,
Shamsia Kibwana (Mama Sabra)

Nyongeza: Naandika haya nyuma ya karatasi ileile. Leo asubuhi, nikitafuta bahasha, nilipigiwa simu na fundi wenu Agustino kutoka Mgeta, ambako yuko kazini na mume wangu. Mawimbi yalikuwa yanakatika. Nilisikia, "Mama, udongo umeporomoka, nguzo zimelala, mhandisi..." halafu simu ikafa. Nikapiga ya Abdulatif. Haipatikani. Nikapiga tena mpaka nikasahau kuwa ninapiga. Sijui nilifikaje getini kwenu, ila nimejikuta nimevaa ndala mbili za mguu wa kushoto, na barua hii mkononi. Mlinzi wenu alinikalisha, akanipa maji.

Kisha ikaingia namba nisiyoijua. Ni yeye, kwa simu ya mkulima mmoja. "Mama Sabra, tupo wote. Udongo wa pale sikuupenda, nikawatoa mapema. Walininunia kweli." Nikamuuliza simu yake iko wapi. Akasema, "Iko chini ya mlima." Nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia, Ndugu Meneja, mengine ya miaka. Lililotoka ni moja, "Umekula?"

Kwa hiyo ombi langu nimeliondoa lote. Msimuongezee hata siku. Mstaafisheni leo, akiwa njiani, mumlete nyumbani kwangu. Gari lisiondoke huko kabla halijakaguliwa breki. Kila mtu afunge mkanda, na dereva asishike simu. Kwenye kona za Langali atangulie mmoja kwa miguu kuitazama barabara. Mvua ikiwa bado inanyesha wasilazimishe, walale hukohuko misheni kwa mapadri, nami nitangoja hata kesho. Nipo hapa getini, kwenye benchi la mlinzi. Kalamu ni yake, na anaidai.