Shitingi Juu ya Bwawa la Nyantende

Jumatatu, 3 Juni

Kosa la watu wengi ni kudhani kwamba kisichotoa moshi hakichafui hewa. Wanaona bwawa limetulia, wanaliita safi. Mimi nimefundisha kemia maisha yangu yote, kwa hiyo nieleze. Majani yakizamishwa yanaoza matopeni bila hewa, na vijidudu vya huko vinatengeneza gesi ya metani. Inapanda kwa mapovu, kisha inaipasha dunia joto.

Bwawa langu la Nyantende linatoa mapovu. Mengi. Nililijaza maji bila kufyeka. Shemeji yangu Aloys alinishauri nifyeke kwanza. Ndiyo sababu sikufyeka.

Alhamisi injinia Mélanie anakuja kupima gesi ya mabwawa yetu ya kumwagilia. Mwenye bwawa safi kuliko yote atakuwa prezida wa kamati ya maji. Aloys naye ana bwawa. Ameshaanza kutembea kiprezida, mikono mgongoni.

Jumanne, 4 Juni

Mpango: gesi yote itoke kabla ya kipimo. Nikaitisha salongo. Niliwaeleza majirani, bila haraka, faida za kazi ya pamoja. Metani sikuigusia. Wakaingia na miti mirefu, wakakoroga matope.

Harufu ilifika kanisani. Wamama wa kwaya waliacha mazoezi. Samaki walikuja juu, midomo wazi, kama wanafunzi wangu siku ya mtihani.

Aloys alisimama ukingoni, pua ndani ya kofia, akauliza shemeji anapika nini. Nikamjibu kwamba hiyo ni sayansi. Akasema basi sayansi ilikufa juzi, izikwe haraka. Watu walicheka kupita kiasi.

Jumatano, 5 Juni

Mapovu yameongezeka. Mpango mpya: kufunika. Nimechukua shitingi, lile turubai kubwa ambalo mke wangu Eulalie anaanikia maharagwe, nikatandaza juu ya bwawa zima na kubana kingo kwa mawe na udongo. Mélanie ataambiwa ni ya kuzuia maji yasikauke kiangazi hiki.

Eulalie aliuliza shitingi yake iko wapi. Nikasema iko kazini. Akasema, “Papa Alphonse, kama iko mu maji, na wewe utalala mu maji.” Hana moyo wa utafiti.

Alhamisi, 6 Juni

Jua kali tangu asubuhi. Shitingi imevimba.

Mélanie alipofika na beseni lake la kufunikiza juu ya maji, tayari ilikuwa imesimama kama andazi. Aloys aliizunguka kwa heshima, akanipongeza, akauliza inajifungua lini.

Nilimweleza Mélanie kwamba gesi hii si yangu, imetoka Ziwa Kivu kwa njia za chini ya ardhi. Aliangalia ziwa, chini kabisa huko bondeni. Akaniangalia mimi. Akauliza kwa adabu kama gesi ilipanda mlima kwa miguu.

Kisha akatoboa shitingi na kuingiza mpira wake wa kuvutia gesi. Alifurahi sana. Kwingine anashinda kutwa akingojea mapovu yaingie kwenye beseni. Mimi nilikuwa nimemkusanyia yote.

Eulalie ameona tundu. Nimelala sebuleni.

Jumamosi, 8 Juni

Aloys ni prezida.

Mélanie alieleza mbele ya wote: fyekeni majani, myaondoe, ndipo mjaze maji. Maneno yale yale ya Aloys, ila kwa Kifaransa. Halafu akaomba bwawa langu libaki lilivyo, watu wajionee kosa lenyewe. Wamesimamisha kibao: BWAWA LA MFANO. Chini yake, kwa herufi ndogo: majani hayakufyekwa.

Herufi ndogo hazisomeki ukiwa barabarani.

Jumapili, 9 Juni

Baada ya misa watu wamemiminika Nyantende kuangalia mapovu. Wanafunzi wa chuo wanakuja wiki ijayo. Mtu ameniita Muzee wa Mfano. Kwa Aloys hakuna aliyekwenda. Aende kuangalia nini? Maji?

Nachimba bwawa la pili, kubwa zaidi, pale ambapo majani yananifika kifuani. Aloys amesikia. Ametuma ujumbe, kwa upole, kwamba mchana atakuja na vijana wake kunisaidia kufyeka kabla sijajaza. Wivu huo, naufahamu.

La kufanya leo: ficha mapanga yote kabla hajafika.