Kizibao cha Kumpima Bibi

Jumatatu, 14 Julai
Kimekamilika! Kizibao cha sufu, nyaya nyembamba ndani, kihisi cha joto kwapani, cha mapigo ya moyo kifuani. Mvaaji akizidiwa, kinatuma ujumbe chenyewe. Shuleni simu ni marufuku kwetu, kwa hiyo ujumbe utaingia kwenye simu ya Mwalimu Eliufoo wa Fizikia. Ijumaa atachagua mradi mmoja tu wa kwenda maonyesho ya sayansi Moshi mjini. Lazima uwe wangu. Mpinzani ni Denis na mashine yake ya kuangulia vifaranga. Vifaranga! Kuku wanaijua kazi hiyo tangu zamani.

Jumanne, 15 Julai
Bibi hataki kitu chochote chenye harufu ya hospitali. Akishikwa na homa anasema ni uchovu wa shamba. Nimemwambia ni kizibao cha baridi tu. Huku Kibosho Julai ni baridi kweli, kwa hiyo si uongo. Si uongo mwingi. Amekipapasa, akasema kina joto zuri, akanishukuru kwa Kichaga: aika sana mjukuu wangu. Nimejiona nimeshafika Moshi.

Jumatano, 16 Julai
Aibu! Katikati ya kipindi simu ya mwalimu ikalia. Akasoma kwa sauti: Bibi wa Hilaria. Joto linapanda. Mapigo ya moyo, hakuna. Mtu wa nyuma akaanza Salamu Maria. Denis akanishika mkono, sijui kwa nini. Mwalimu akaita bodaboda, tukapanda mshikaki, watatu kwenye pikipiki moja, hadi nyumbani.

Bibi alikuwa uani anamenya ndizi. Mzima! Akauliza, wewe Hilaria, umevunja nini shuleni mpaka mwalimu akulete? Nikauliza kizibao kiko wapi. Akasema yeye ana mashuka yake, kinachosikia baridi ni pombe yake ya ndizi, mbege. Jumapili binamu yangu anapata kipaimara, na mbege imegoma kuchachuka. Basi amelivisha pipa, akalisogeza karibu na mafiga. Vifungo vyote amefunga.

Mwalimu alicheka mpaka akashika mgomba. Mimi nililia nyuma ya mgomba mwingine.

Ijumaa, 18 Julai
Nilikuwa tayari kujitoa. Mwalimu akaniita mbele. Akasema kizibao hakikukosea hata neno: joto lilipanda kweli, na pipa halina moyo. Aliyekosea ni mimi niliyemficha Bibi habari ya vihisi. Nenda Moshi, akasema, ila kwanza kamwambie ukweli. Nimechaguliwa! Denis atakuwa msaidizi wangu.

Nimemwambia Bibi. Amenuna kwa muda wa kumenya ndizi moja. Akasema ningeomba tu, angevaa. Sasa nisubiri, mbege bado inakihitaji.

Jumapili, 20 Julai
Mbege imetoka tamu ajabu. Wazee wakamuuliza Bibi siri yake. Akasema mjukuu wangu anasoma sayansi, akanyanyua kidevu.

Nimeapa: sitampima mtu tena bila ruhusa yake.

Jioni Denis amekuja kupanga safari. Kifungo cha sweta lake kilikuwa kimekatika, nikajitolea kukishona. Kihisi cha mapigo kilikuwa hapo hapo mezani, hakina kazi. Nataka tu kujua kama moyo wake hukimbia akikaa karibu na mashine yake, au akikaa karibu na mtu. Ni kwa faida ya sayansi.

Amelivaa, amenishukuru mara mbili. Amesema limekuwa zito kidogo.

Nimemwambia ni uzito wa kifungo.