Saa Kumi na Moja Kamili

4 Machi, Jumatano

Shemeji amenimaliza! Nilikuwa nanyoa kichwa cha kwanza cha leo, akapita mbele ya saluni na ndoo. Kolekole wawili wanene, mikia nje. Mteja akainuka na povu lake kwenda kuwatazama. Kumuuliza aliwapata saa ngapi, akasema saa kumi na moja alfajiri, pale gatini.

Ni dada mkubwa wa mke wangu, fundi wa mapazia, na kwa mshipi wa kuvulia hana mpinzani. Hayo nayaandika humu tu. Mbele ya wateja nilisema hata mimi naweza. Kisha kiherehere kikanipanda, nikampigia simu baba mkwe: Jumapili aje, atakula samaki niliyemvua kwa mkono wangu. Tangu nimwoe binti yake hajawahi kunisifu, hata kwa nywele ninazomnyoa. Safari hii atasema tu.

5 Machi, Alhamisi

Saa kumi na moja kamili, nipo gatini. Maji hakuna! Tope tupu, na kaa mmoja aliyenitazama kama nimemkosea. Nimevua kandambili. Ya mguu wa kushoto.

Narudi, nakutana na shemeji ndiyo kwanza anakwenda, anapiga miayo. Nikamwambia chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Akacheka, akapita. Mchana mke wangu kanipakulia samaki. Wa nani? Wa shemeji. Watamu mno, nimeongeza mara mbili.

6 Machi, Ijumaa

Leo shemeji katoka baada ya kunywa chai, tena kwa raha zake, na karudi na ndoo nzito. Nikashindwa kuvumilia, nikamuuliza siri yake. Hakuzunguka.

"Shemeji, usiangalie saa, angalia maji. Yakianza kupanda, samaki wanayafuata kuja kula. Na kila siku yanachelewa kuliko jana."

Nimemshukuru sana. Uongo, bila shaka. Nani anagawa siri bure, tena amesimama mlangoni? Saa kumi na moja ndiyo ukweli, ulimponyoka Jumatano kabla hajajua kwamba mimi ni mshindani. Kilichonikosesha jana ni kofia. Ana kofia ya ukili, ukingo umeliwa na panya, haivui hata akipimia watu mapazia. Lazima niipate.

8 Machi, Jumapili

Kofia nilimwazima jana jioni, bila kumsumbua kwa kumwomba.

Saa kumi na moja nikatupa ndoana. Maji yakarudi nyuma. Nikayafuata. Yakarudi tena, nikayafuata tena, nikazama topeni hadi magotini. Jua likatoka, baba mkwe yuko njiani, na mimi nimeganda kama nguzo. Nililia kidogo. Upepo ulichangia.

Shemeji akaja akiwa ameshakunywa chai yake. Akaiona kofia yake kichwani mwangu, akanishushia kamba. Tulipokaa juu ya gati maji yakaanza kupanda taratibu, akatupa mshipi. Ungeuona mkono ule! Mshipi umelala juu ya kidole kimoja, macho kafumba, anapapasa bahari kama kitambaa cha pazia. Wivu wote uliniisha. Kidole kikashtuka, akanipa mshipi mkononi.

"Vuta, shemeji. Baba asije akala maneno yako matupu."

Nikavuta. Kolekole! Mkubwa! Wangu!

Baba mkwe alimla mpaka kichwa. Akanawa, akasema mbele ya wote: "Leo nimepata mkwe." Shemeji aliinamia sahani, mabega yanamtikisika, na siri hakuitoa. Dada kama yule hazaliwi mara mbili. Mzee akataka kujua saa nzuri ya kuvua ni ipi. Nikamtazama shemeji, nikajibu kifundi: saa kumi na moja alfajiri, kamili. Mzee akasema kesho twende wote.

9 Machi, Jumatatu

Baba mkwe alizama kuliko mimi. Shemeji alimtoa yeye kwanza, na viatu vyake vya msikitini vimebaki kwa kaa. Alipofika nyumbani alimwomba mke wangu amtafutie kinyozi mwingine.

Nimekaa nikatafakari, na kosa nimeliona. Saa yangu ya ukutani iko nyuma dakika tano. Tena kofia alivaa mzee.

Kesho saa kumi na moja kasoro dakika tano. Kofia navaa mimi.