Kiti cha Mahameli

Jumatatu, 3 Machi

Binti yangu anatoka hospitali Ijumaa. Alizaliwa kabla ya siku zake. Mkono wake mzima unaenea kwenye kidole gumba changu. Furaha imenijaa.

Muuguzi wa wodi ametoa sharti. Gari litakalomchukua mtoto lazima liwe na kiti cha mtoto kilichokaguliwa na watu wa zimamoto na kubandikwa stika. Bila stika, mtoto haondoki. Shemeji, kaka wa mke wangu, alikuwepo. Ni afisa usalama kiwandani, huvaa kizibao cha kung'aa hata akija kula. Akasema gari lake lina kiti na stika tayari, dada yake asijisumbue, atawachukua yeye. Mke wangu akasema ni wazo zuri.

Wazo zuri! Mwanangu wa kwanza aingie nyumbani kwangu ndani ya gari la Shemeji, mimi nifuate nyuma kama mpeleka magodoro? Nikawaambia kiti nimeshanunua, kesho nakipeleka kukaguliwa. Kununua nilinunua kweli, ila baada ya kusema.

Jumanne, 4 Machi

Kiti ni kigumu mno. Mimi fundi wa makochi, nimlaze mwanangu kwenye plastiki? Asubuhi nzima nilikuwa karakana nakivisha. Sponji nene chini, nyingine mgongoni, mahameli nyekundu juu, vifungo vya rangi ya dhahabu. Mteja mmoja alitaka kukichukua palepale. Nikakifunga garini kikitazama mbele, ili binti amwone baba yake anavyoendesha.

Mkaguzi ni mama mmoja wa zimamoto, mfupi, mwenye sauti ya upole. Hakusifia vifungo. Alishika kiti kwa mkono mmoja, kikacheza kama jino la mtoto wa darasa la kwanza. Akauliza kwa nini kinatazama mbele. Nikaeleza ile habari ya kumwona baba. Akasema shingo ya mtoto mchanga haijakaza, lazima atazame nyuma. Na sponji, breki ikikamata, inabonyea. Mkanda unabaki umelegea, mtoto anachomoka.

Anachomoka! Alilisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anataja bei ya nyanya. Nimerudi bila stika na neno hilo kichwani. Mke wangu alipopiga simu nikamwambia ukaguzi umekwenda vizuri, kitambaa kimewavutia.

Jumatano, 5 Machi

Chakula hakipiti. Ila akili bado inachemka. Muuguzi anataka stika, na Shemeji anayo, imekaa tu kwenye kiti chake bila kazi. Yeye huenda kiwandani na basi la wafanyakazi, gari linabaki uani.

Nikaenda kwake na mto wa kochi, eti zawadi. Mkewe alipoingia ndani kuniletea maji, nikajipenyeza garini na kisu changu cha kukatia ngozi. Stika ilianza kubanduka vizuri. Nikavuta kidogo zaidi. Ikachanika. Nusu imebaki kwenye kiti, nusu imening'ang'ania kwenye kidole. Nikajaribu kuirudisha kwa mate, gari likatikisika, king'ora kikalia. Majirani wakajaa ukutani.

Nikasema napima viti, nataka kumshonea Shemeji vifuniko vipya bila yeye kujua. Mkewe akafurahi, akachagua na rangi. Sasa nina deni la vifuniko vya gari zima.

Nimefika nyumbani ndipo akili ikanirudia. Gari langu halina stika. Gari la Shemeji nalo sasa halina. Binti yangu hana gari la kumtoa hospitali, na aliyefanya hivyo ni baba yake. Nilikaa kwenye kochi la mteja.

Alhamisi, 6 Machi

Nimefika zimamoto kabla geti halijafunguliwa. Yule mama aliponiona akashusha pumzi. Nikang'oa mahameli mbele yake kwa mikono yangu mwenyewe. Imeniuma.

Nilidhani atanifungia. Akakataa, akasema nifunge mwenyewe yeye akiangalia. Kiti kikatazama nyuma. Mkanda nikaupitisha pasipo pake, akaniambia nitoe. Nikaupitisha tena, akaniambia nitoe. Mwishowe nikakandamiza kiti kwa goti, nikavuta mkanda mpaka mishipa ikanitoka. Akakishika, akakitikisa. Hakikucheza. Machozi yalinilenga, nikasingizia vumbi.

Akanibandikia stika. Akaonya nisiongeze kitu, nisipunguze kitu, na kama nikikitoa, nirudi kwake aangalie tena. Nikaapa kwa yote niliyonayo.

Ijumaa, 7 Machi

Shemeji alikuja wodini na kizibao chake, tayari kwa kazi. Muuguzi akaenda kukagua gari lake, akakuta stika nusu. Akamweleza mbele ya watu kwamba stika iliyochanika haimsaidii mtu. Shemeji alibadilika rangi. Mimi sikucheka. Nilikohoa.

Kwangu akasoma stika, akaridhika, binti akawekwa garini. Nikamfunga, mkanda ukakaa. Niliendesha taratibu hadi mwendesha baiskeli mmoja akatupita na kutupungia. Kila tuta nililisikia moyoni. Mke wangu, aliyekaa nyuma na mtoto, alinishika bega akasema ameona nilivyojitahidi. Tumefika salama.

Jumamosi, 8 Machi

Majirani wamekuja kumwona mtoto. Nikaona si vizuri wasikione na kiti. Nikakitoa garini, nikakiweka sebuleni. Wamekipapasa, wamesoma stika, wameniita baba makini.

Kisha akaja Shemeji. Ameshapata stika nyingine, na keshokutwa mtoto ana kliniki, hivyo atawapeleka yeye. Nikamwambia hakuna haja, kiti changu kimekaguliwa. Mke wangu akaniunga mkono, akanitazama kwa macho ya kuniamini. Jambo geni hilo. Siwezi kulipoteza kwa sababu ya mkanda.

Nimekirudisha garini. Mkanda ulipita wapi? Nimejaribu kulia, nimejaribu kushoto, nimeweka na goti. Kikitikiswa kinacheza. Lile neno la yule mama, anachomoka, limenirudia. Ila kurudi zimamoto ni aibu, atajua nilikitoa, na habari zinaweza kumfikia Shemeji.

Nimekaa nikafikiri kwa utulivu. Hivi muuguzi alitikisa kiti? Hakutikisa. Alisoma stika, akaridhika, na yeye ni msomi. Basi nimejipa moyo. Kiti kinacheza kidogo, sikatai. Stika haichezi kabisa.