Mkufunzi wa Usalama Barabarani Ni Mimi

Jumatatu, 3 Machi

Siku kubwa! Mama Antonia, mwenye kampuni yetu ya kupeleka wageni kreta kutazama wanyama, ametukusanya madereva wote uani na kutangaza kwamba anatafuta mkufunzi wa usalama. Mmoja wetu. Atawafundisha wenzake, na atakabidhiwa ile Landkruza mpya ambayo viti vyake bado vina nailoni. Nailoni! Niliangalia huku na huku nione nani mwingine anafaa. Sikumwona.

Mimi sijawahi kusababisha ajali. Zile zilizotokea zilisababishwa na wengine: moja na punda, nyingine na nguzo ya geti.

Mpinzani ni Lembris peke yake. Huyu anaendesha kana kwamba amepakata uji wa moto. Anaacha nafasi mbele yake hadi bodaboda wote wa Karatu wanaingia humo. Huo si udereva. Ni ukarimu.

Jumanne, 4 Machi

Nimeazima kijitabu cha sayansi ya ajali. Nimeshinda nacho. Kinasema mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali wa kusimama unaongezeka mara nne. Kwa hiyo bora usisimame. Nimepigia mstari.

Kinasema pia kwamba gari likisimama ghafla, mwili wa abiria unaendelea na safari kwa mwendo uleule. Nilimsomea mke wangu Laurencia. Yeye ni muuguzi. Alisema hahitaji kitabu, miili hiyo ndiyo anayoipokea kazini. Kisha akaniuliza kama ninafunga mkanda.

Nilimjibu kila siku. Na ni kweli! Ninaufunga kila asubuhi, ndipo ninakaa, mkanda ukiwa nyuma ya mgongo wangu. Gari linaacha kupiga kelele, mimi ninapumua. Kitambi changu na mkanda havijapata kuelewana.

Alhamisi, 6 Machi

Dhuluma. Mama Antonia kaja na rula. Anaishikilia juu, anaiachia bila kusema, unaidaka kwa vidole viwili. Anayedaka mapema, ndiye mguu wake unawahi breki.

Lembris aliidaka pale mwanzoni. Rahel, anayetupikia chai, akaidaka huku mkono wa pili umeshika sufuria. Kwangu rula ilipita. Nikaomba tena. Ikapita tena.

Nilieleza kwamba rula ilikuwa imepakwa mafuta. Mama Antonia akainusa, akasema ameitoa dukani asubuhi. Nilieleza kwamba dereva mzoefu hana haja ya kuwahi, kwa sababu anajua mapema kitakachotokea. Akaniuliza kama nilijua rula itaanguka.

Watu walicheka. Lembris hakucheka. Hilo liliniuma zaidi.

Ijumaa, 7 Machi

Mazoezi nyumbani. Rula sina. Nimetumia mwiko wa ugali, nikiurusha juu na kuudaka. Nimeudaka vizuri mara kadhaa! Kisha umenitua kwenye kidole gumba cha mguu wa kulia.

Laurencia ametoa sababu nyingi za kutochezea mwiko. Kidole kimevimba na kuwa kama kitunguu cha Mang'ola. Kiatu kinaingia nikikaza meno. Kesho ni jaribio la barabarani. Sitamwambia mtu. Mguu ni wangu.

Jumamosi, 8 Machi

Naandika kwa shida, kichwa kimefungwa bendeji.

Mpango ulikuwa hivi: Mama Antonia apande na mimi hadi juu, kwenye ukingo wa kreta, arudi na Lembris. Lembris atufuate nyuma na gari lake. Hadi kwenye geti la hifadhi nilikuwa malaika. Baada ya geti lami iliisha, ukaanza utelezi, na ukungu ukashuka msituni hadi sikuona boneti yangu mwenyewe.

Mbele kulikuwa na lori la soda, taa zake nyekundu zikionekana kwa mbali. Nikapata akili. Nikalisogelea, nikajibana nyuma yake kabisa.

Mama Antonia akasema, "Boazi, acha nafasi."

Nikamweleza kwamba lori ndilo macho yetu.

"Na yako yako wapi?"

Sikupata muda wa kujibu. Lori lilisimama. Nyati, baadaye tuliambiwa. Mimi nyati sikumwona. Nilikanyaga breki, kidole kikapiga kelele, mguu ukaruka wenyewe. Nilipokanyaga tena tulikuwa tunateleza kama kwenye sabuni. Upande mmoja mtaro na mlima. Upande mwingine ukungu mtupu, na chini kabisa, vilele vya miti.

Ningependa kuandika kwamba nilichagua mtaro. Sikuchagua. Mikono iligeuza usukani, basi. Ingeweza kugeuza kule.

Gari liliingia mtaroni na kusimama. Mimi niliendelea na safari, kama kijitabu kilivyosema, hadi kwenye kioo cha mbele. Mama Antonia alibaki pale pale kwenye kiti, mkanda umemkamata. Miwani tu ndiyo ilianguka.

Lembris alikuwa ameshasimama mbali nyuma yetu. Aliweka pembetatu barabarani kwanza, ndipo akaja. Mama Antonia alikuwa ameshika shati langu na haachii.

"Boazi, una damu," alisema, taratibu kabisa.

Nilisema ni mvua. Nilitaka kushuka nikague uharibifu kitaalamu. Lembris alinibeba kama gunia. Alipoinama kunitoa aliuona mkanda, umefungwa vizuri kwenye kiti, bila mtu ndani yake. Aliutazama. Mama Antonia naye akautazama.

Jumapili, 9 Machi

Laurencia ndiye aliyekuwa zamu hospitalini jana. Alisaidia kunishona. Alipomaliza alitoka nje. Nilimsikia analia karibu na tangi la maji.

Leo baada ya ibada ameniambia, "Ningeitwa mjane kwa ajili ya kitambi, Baba Joshua."

Niliapa mbele yake kwamba mkanda nitauvaa kifuani, kama watu. Nilimaanisha. Hata sasa namaanisha. Tangu asubuhi!

Jumatano, 12 Machi

Lembris ndiye mkufunzi. Kakabidhiwa pia ile Landkruza. Nailoni ameitoa palepale, eti inateleza.

Nilimweleza Mama Antonia kwamba jaribio halikuwa la haki, kwani Lembris hakupewa nyati. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akanipa pikapu ya jikoni, niwe naleta vitunguu na nyanya kutoka Mang'ola. Wageni sitawabeba hadi atakaponiambia.

Darasa la kwanza limefanyika leo. Nimekaa mstari wa mbele, si kwa kupenda. Lembris alifundisha kuacha nafasi, na zaidi kwenye utelezi. Akafundisha kwamba dereva akiinamia simu kidogo tu, gari limekwenda urefu wa uwanja wa mpira likiwa halina dereva. Wote walinitazama, eti wanaijua simu yangu. Mimi nikamtazama Rahel, ambaye hana hata leseni.

Mwisho akasema, "Kaka Boazi, ukungu ule ungeweza kumkuta yeyote kati yetu."

Sikubali kuhurumiwa na mtu anayeendesha mwendo wa kinyonga.

Ijumaa, 14 Machi

Safari ya kwanza ya vitunguu. Nimeelewa kwamba hii si adhabu. Mama Antonia ananiandalia cheo kikubwa zaidi, na pikapu ni hatua. Nitafungua darasa langu mwenyewe, la madereva wa malori. Somo la kwanza: namna ya kukabili nyati.

Mkanda nimeuvaa kifuani, kama nilivyoapa. Ulikuwa unabana, kwa hiyo nimeulegeza na kuukamata kwa kibanio cha nguo. Sasa hata haunigusi. Laurencia atafurahi.

Barabara imenyooka, vumbi ni dogo, ziwa linaonekana kule mbele linang'aa. Mahali pazuri pa kutunza kumbukumbu. Daftari limekaa vizuri kabisa juu ya usukani, na kiwiko kinaongoza. Lembris alikataza simu. Hii si simu. Hii ni shajara.

Mbele kuna trekta. Linakwenda polepole mno. Nitamaliza aya hii kwanza, ndipo